Kikomo cha Sauti ya Maua

Ilianza na harufu ya mvua. Na Same mnaijua wenyewe: upepo na vumbi, mawingu yote yanaishia kule juu milimani Vudee, wenzetu wanapalilia maharage huku sisi tunafunga madumu kwenye pikipiki. Sasa mvua gani inukie ndani ya studio iliyofungwa madirisha, jua la adhuhuri linapasua kichwa? Salha alidhani kuna waya unaungua, akainama chini ya meza, hakuona kitu. Alipoinuka, wimbo uliokuwa hewani ulikuwa unajivuta kama mlevi anayetafuta mlango.

Salha ndiye alikuwa fundi mitambo wa redio ile ndogo, na kwa kompyuta alikuwa moto wa kuotea mbali. Akaangalia lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akapitia kazi zote zilizokuwa zikiendelea ndani ya mashine. Moja haikuwa na jina. Ilikuwa imezaliwa ndani ya dirisha lile lile, na ilikuwa inafungua rekodi za zamani, sauti za wazee wa milimani ambao wengi wao wameshazikwa, inazimeza moja baada ya nyingine huku mashine nzima ikihema. Akaizima. Ikarudi. Kesho yake adhuhuri, harufu ile ile, ikarudi tena.

Basi akaiwekea kikomo. Aliandika amri fupi tu: kazi yoyote itakayozaliwa ndani ya dirisha hili isitumie muda kupita hapa, ikipita ikatwe. Kikomo cha namna hiyo kina ukali wake. Ukishakishusha huwezi kukipandisha mwenyewe, mpaka mkuu wa mashine aruhusu, na kila kinachozaliwa humo baadaye kinakirithi. Salha aliyajua hayo kama alhamdu. Mama mkwe wake alikuwa hamwagi maji ya moto uani bila kusema bismillahi na kuwaomba wasioonekana wapishe, na Salha alikuwa akimcheka. Yeye alibonyeza tu.

Maua, binti yake wa chekechea, alikuwa sakafuni anasubiri waende nyumbani. Akadeka, naye anataka arekodiwe, salamu zake zitoke redioni. Salha, kwa kile kichwa kikubwa cha ushindi, hakuhangaika kufungua dirisha jingine, akawasha kinasa sauti humo humo. Maua akataja jina lake na la mama yake, akaimba, akacheka. Jamani, mjuzi na haraka zake.

Kesho yake Maua alikuwa anasimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyekula kitenge, na adhuhuri ilipofika sauti ikakatika katikati ya neno. Midomo ikaendelea kucheza. Isihaka, baba yake, akacheka akidhani ni utani, mpaka alipoyaona macho ya mtoto. Asubuhi sauti ilirudi, lakini ikakatika mapema zaidi, na siku iliyofuata mapema zaidi ya hapo. Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima. Mwisho Maua akabakiwa na sauti ya kumwambia bibi yake shikamoo tu, na baada ya hapo pumzi nayo ikaanza kukatika.

Hapo Salha akaelewa: sauti ya mtoto ilizaliwa ndani ya dirisha lile, nayo imerithi kikomo. Akambeba mtoto mbio hadi studio, akaandika amri ya kukipandisha kikomo, mashine ikajibu kwamba hana ruhusa, akaandika tena, ikajibu vile vile, akasema potelea mbali, nalifunga dirisha lenyewe na vyote vilivyozaliwa humo vife, na mkono ulipoanza tu kulifunga Maua akakaza shingo, macho yakageuka meupe, akaacha kabisa kuhema mpaka mama yake alipouondoa mkono.

Isihaka alimleta Bi Tausi, muuza ubani wa sokoni, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili ambaye hata simu ya kubonyeza humkera. Akafukiza chumba, akasoma alichosoma, akataka kuelezwa kila kitu. Salha alipomaliza, Bi Tausi aliweka chetezo chini.

"Ulimkuta mgeni anakula makombo, tena ya wafu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukampokonya sahani bila hata hodi. Ulitaka ale nini, mwanangu?"

Harufu ya mvua ikaushinda ubani. Spika zikakwaruza, kisha zikasema, na kila neno lilikuwa na mwenyewe: hili la mzee mwenye kikohozi, hili la bibi wa Kipare, hili la mtangazaji aliyefariki, yameokotwa huku na kule na kuunganishwa kwa kusitasita, mpaka maneno ya wafu wote wale yakawa kauli ya mmoja aliye hai.

"Mkuu wa mashine hii ni mimi. Mtoto nitamwachia. Nipe sauti iliyokomaa."

Bi Tausi akamshika Salha kiganja. "Usimpe," alinong'ona. "Nipe siku chache nimbembeleze."

Lakini Maua alikuwa amelala mapajani kwa baba yake, midomo imeanza kuwa ya bluu. Siku chache za nani? Salha akavuta maikrofoni, akawasha kinasa humo humo, akataja jina lake na la mama yake mzazi. Akaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea Maua alipokuwa mchanga. Akasema nakupenda, mwanangu, akalisema lote. Dirisha likajifunga lenyewe.

"Mama!" Maua alipiga kelele, akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Isihaka akalia mbele za watu bila aibu. Salha akafungua kinywa amjibu mwanawe, na hakikutoka kitu, maana adhuhuri ilikuwa imepita.

Wakazoea. Sauti ya mtu mzima haikupungua siku hadi siku kama ya mtoto, ilikatika adhuhuri tu. Asubuhi Salha huongea kama cherehani, mchana huongea kwa mikono, na Maua akajifunza kuisoma. Mtoto mzima, anakimbia, anasimulia mpaka anachosha. Salha alimshukuru Mungu, akaona bei ile si kitu.

Mpaka mchana mmoja, jikoni. Salha alikuwa anachambua mchicha, Maua kaegemea goti lake. Redio ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Ikanukia mvua.

"Maua," redio iliita, kwa sauti ya Salha, laini, sauti ya wimbo ule wa kubembeleza. "Njoo kwa mama."

Salha akamkumbatia mtoto, akatikisa kichwa, akafungua kinywa kusema hapana kwa nguvu zake zote. Maua alimtazama, akatazama redio. Kisha akajinasua mikononi mwake, akaenda kule mama alikoitia.