Siku Ambayo Vaiva Hakukaguliwa

Katika nyumba ya Bibi Marcelė hakuna aliyekula kabla ya kukaguliwa. Ukirudi msituni, uwe mtoto, uwe mkwe, uwe mgeni aliyekuja kutembea tu, ulisimama kwanza chini ya taa ya jikoni. Bibi alivaa miwani yake akakupekua nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti, akitafuta kupe. Akimpata, alimbana kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole bila kumpinda, kisha akamtupa motoni huku akisonya. Ndipo supu ya uyoga ilipopakuliwa.

Vaiva, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliuona ukaguzi huo usumbufu mtupu. Lakini alijivunia jambo moja: katika ukoo mzima, ni yeye peke yake aliyeonyeshwa mahali pa Bibi. Pale Pušalė, kijiji cha kusini mwa Lithuania kilichozungukwa na misonobari, kila familia ina mahali pake pa uyoga, na hapatajwi. Watu hupita njia za kuzunguka, na ukiwauliza wametoka wapi, hukujibu, "Huko huko." Hata mama yake Vaiva hakupajua. Bibi alisema wazi kwamba binti yake hana kifua cha kutunza siri.

Kumbe na mjukuu hakuwa nacho. Mwezi wa Agosti Vaiva alitaka sana urafiki wa Goda, msichana aliyehamia kijijini na wazazi wake. Siku moja alishindwa kujizuia.

"Nikikuonyesha kitu, utaapa hutasema?"

"Naapa. Nikisema nipofuke."

Wakaenda. Hawakuchuma uyoga hata mmoja. Walijilaza kwenye majani marefu, wakacheka, wakala matunda ya porini mpaka ndimi zikawa bluu. Jioni Vaiva alinawa uso, akaingia kwa mlango wa nyuma na kusema alikuwa ziwani. Anayetoka ziwani hakaguliwi, kwa hiyo alikula supu yake kwa raha zake.

Siku zikapita. Shule zilipofunguliwa, aliona nyuma ya goti doa jekundu. Halikuwasha wala halikuuma, ila lilikuwa likitanuka, na katikati likafifia mpaka likawa kama pete. Alikumbuka ule msitu, akakumbuka kibano cha Bibi, akaogopa. Akavaa soksi ndefu.

Wiki hiyohiyo Bibi alirudi na kikapu kitupu. Alikitupa sakafuni.

"Kuna mtu kaingia mahali pangu," alisema. "Sisi tunang'oa uyoga kwa kuuzungusha, tunafukia kishimo. Huyu kakata kwa kisu, kaacha visiki vimesimama, wala haya hana!" Akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake, mwisho akamtia jicho Vaiva. "Mimi sijamwambia mtu wa nje. Nani kasema?"

Tangu siku ile nyumba ilijaa macho. Kila alipogeuka, alihisi Bibi anamchunguza. Naye akaanza kumchunguza Goda. Baba yake Goda alikuwa na kisu kikubwa kiunoni, na Jumamosi alionekana kando ya barabara akiuza uyoga. Ushahidi gani tena unatakiwa?

"Umemwambia baba yako," alimvamia Goda uwanjani.

"Sijamwambia mtu!"

"Muongo. Uyoga anatoa wapi?"

"Atoe wapi? Kwani msitu mzima ni wa bibi yako?" Goda alikuwa karibu kulia. Kisha macho yake yakashuka kwenye mguu wa Vaiva, kwa kuwa soksi ilikuwa imeteremka. "Hilo duara ni nini? Vaiva, mwonyeshe bibi yako. Au nimwambie mimi?"

Vaiva alisikia kitisho. "Ni upupu tu. Na ukisema, usinijue tena!" Akapandisha soksi, akaondoka. Wala Goda hakuwa akimtisha. Alikuwa akimwonea huruma, lakini mwenye kushuku hasikii huruma.

Ikaja siku ya kuvuna viazi. Kichwa kilimuuma Vaiva, shingo ilikaza, viungo vikawa vizito. Alikaa kwenye gunia.

"Homa ya viazi hiyo," mama yake alisema. "Humshika mtu akiona jembe. Inuka, mwanangu."

"Mama, kweli naumwa."

"Na siku ile ya Agosti ulikuwa kweli ziwani? Mbona nguo ya kuogelea ilikuwa kavu kambani?"

Vaiva akainuka. Ukishasema uongo mmoja, ni vigumu kudai uaminiwe na jambo la pili, na yeye alilijua hilo vizuri.

Duara lilififia, akashusha pumzi. Kisha, asubuhi moja mwishoni mwa Septemba, alikunywa maziwa, yakamwagika upande mmoja wa mdomo. Alijifuta, akanywa tena, yakamwagika tena.

"Vaiva," Bibi alisema ghafla, akiweka kisu cha mkate chini. "Nakuuliza mara moja tu. Ulimpeleka nani mahali pangu?"

Vaiva aligeuka. Alitaka kusema "hakuna mtu", akajaribu na kutabasamu kidogo ili aaminike. Upande wa kulia wa uso ulitabasamu, wa kushoto ukabaki umelala.

"Unanibenulia mdomo mimi? Bibi yako?"

"Sikubenulii, Bibi!" Machozi yakamtoka. Akafumba macho, lakini jicho la kushoto likagoma kufumba, likabaki linamtazama Bibi huku likichuruzika. Bibi alilitazama jicho hilo, na hasira ikamwisha palepale. "Washa gari," alimwambia binti yake.

Zahanati ya mji ilikuwa na daktari mmoja, mwanamke mpole, Daktari Šarkienė. Alimpima Vaiva uso, shingo na magoti, kisha akauliza, "Ameumwa na kupe kiangazi hiki?"

"Haiwezekani," Bibi alidakia kabla Vaiva hajafungua kinywa. "Huyu namkagua kwa mikono yangu kila akitoka msituni. Daktari, muulize mtu yeyote Pušalė."

"Hata mara moja hajakosa?"

"Hata mara moja!"

"Basi huenda ni kitu kingine," daktari alisema, akaanza kuandika.

Vaiva aliiangalia ile kalamu. Akinyamaza, siri yake imepona. Lakini je, jicho? Na kama watampa dawa ya ugonjwa mwingine?

"Kuna siku hukunikagua, Bibi," alisema.

Akaeleza yote: Goda, majani marefu, ziwa la uongo, duara, soksi. Bibi uso ukamwiva.

"Hilo duara liko wapi?" mama yake aliuliza. "Mguu mbona hauna kitu? Au ni hadithi nyingine hii?"

"Duara hufifia lenyewe, mama," daktari alijibu. "Ugonjwa haufifii nalo. Na kupe mwingine ni mdogo kama mbegu ya ufuta, unaweza usimwone kabisa." Akamgeukia Vaiva. "Nafikiri huu ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe na unaoweza kulegeza upande mmoja wa uso. Tutapima damu, na dawa utaanza leo. Umeniokolea muda mwingi, na wewe umejiokoa zaidi."

Alipewa vidonge vya wiki kadhaa, akaonywa asiviache hata akijiona mzima. Jicho lilitiwa dawa na kufunikwa kila usiku. Siku za mwanzo alijificha asionekane. Aliyekuja kumtembelea, bila kuitwa, alikuwa Goda. Vaiva alimwomba radhi kwa mdomo wake uliopinda, wakalia wote wawili. Kisha asubuhi moja alikunywa maziwa, na hakuna tone lililomwagika. Bibi aligeukia jiko, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Oktoba, siku yenye jua, Bibi alitangaza kwamba anakwenda kumvizia mwizi. "Na Goda aje," alisema, "nimwone uso mwizi akitokea."

Walijibanza nyuma ya misonobari. Akatokea mzee, kikapu mkononi, kisu mkono wa pili, akiimba taratibu. Alikuwa jirani yao, Mzee Vaclovas.

"Mwizi!" Bibi alichomoka.

"Mwizi mimi?" Mzee nusura aangushe kikapu. "Marcelė, hapa ni mahali pa marehemu mama yangu! Mwaka huu tu mgongo umeniruhusu kurudi. Wewe nani kakuonyesha?"

Bibi hakusema neno la kuomba radhi, hiyo si tabia yake, lakini jioni Mzee Vaclovas na Goda walikuwa jikoni kwake wakingoja supu. Wote wakakaguliwa chini ya taa.

"Na wewe, Bibi?" Vaiva aliuliza. "Nani anakukagua?"

"Mimi? Mimi najijua."

"Kaa hapo, Bibi." Vaiva alimvua kitambaa cha kichwa. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwepo kupe, mdogo sana. Goda akaleta kibano, Vaiva akambana karibu na ngozi, akavuta polepole.

Bibi alimpokea kupe yule kiganjani.

"Wajukuu zangu," alisema, na Goda akiwa humo, "mahali pa uyoga ficheni mkitaka. Lakini ngozi yako usiifiche kwa watu wako, hata kama umekosa. Mkinikosea nitafoka, nitanuna, kisha yataisha. Ila nikikupoteza wewe kwa sababu ulikuwa unaniogopa, nitamfokea nani?"

Akamtupa kupe motoni, akasonya, akaanza kupakua.