Majibu ya Petronila

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika, vumbi jekundu limewapaka watu wote rangi moja. Petronila, fundi cherehani, katika gauni la maua lililoburuza chini, alikuwa akijaribu kiatu cha mguu mmoja tu.

"Dada, na wa pili je?" akauliza kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Wa pili ni pacha wake. Wanafanana."

"Hebu nimwone huyo pacha."

"Utamlipia mahari?"

Kijana akacheka, lakini alikwisha kuuona mguu wa kushoto, umevimba hadi gotini. Alikuwa Sebastiani, daktari msaidizi mpya wa kliniki. "Njoo Jumanne," alisema kwa upole. Petronila akaenda, na tuseme ukweli, shati lile lilimvuta kuliko ugonjwa.

Sebastiani alikuwa na fomu ya maswali, akiwasomea wagonjwa wa uvimbe sugu kila mwezi. Mguu unauma kiasi gani? Unanuka? Unalala usiku? Unaona haya mbele za watu? "Futi ya kupimia inaniambia unene," alisema. "Maumivu anayajua mwenye mguu." Mwaka ule wa themanini na nne bendeji za kubana uvimbe zilikuwa adimu kuliko sabuni, kwa hiyo walipewa wenye majibu mabaya zaidi.

Mara ya kwanza Petronila alijibu kweli. Akafungwa bendeji, mguu ukaanza kunywea. Kisha wakazoea kutembea pamoja jioni, wakitazama Landrova za watalii zikielekea Ngorongoro, na penzi likakolea. Sasa mwanamke gani atamwambia mpenzi wake kwamba mguu unatoa maji na kunuka?

"Unauma?"

"Hauumi."

"Unaona haya?"

"Nawe umekaa mbele yangu? Hata kidogo."

Futi ilibisha, lakini Sebastiani akauamini mdomo alioupenda. Bendeji akampa Nalangu, mama mzee wa Kimasai, na Petronila akaambiwa arudi baada ya masika.

Petronila akajua amechokwa, akajifungia na cherehani yake. Sebastiani akaona kimya, akajua amepona na kumsahau. Kila mmoja akashika kiburi chake, na mvua ikanyesha.

Masika yalipokwisha Petronila aliletwa kliniki akiegemea bega la jirani. Ngozi ya mguu ilikuwa ngumu kama gome.

"Kwa nini hukuja mapema, ulipozidi?" Sebastiani aliuliza.

"Uliniondolea bendeji. Nilidhani umenichoka."

"Niliandika ulichosema, Petronila."

"Nilisema ulichopenda kusikia."

Akamsomea maswali upya. Safari hii alijibu yote, hata la kunuka, huku akilia.

"Utapungua kidogo," alisema Sebastiani. "Lakini hautafanana na mwenzake tena. Tumechelewa, na mimi nimo katika kuchelewa huko."

Akaweka kalamu chini, akamwita muuguzi Elizabeti. "Kuanzia leo huyu umwulize wewe. Mimi atanidanganya tena."

"Kwa nini akudanganye, Daktari?"

"Kwa sababu nataka kumwoa, kama atakubali."

Petronila alivuta gauni kuufunika mguu, kisha akaliachia.

"Sitaingia kanisani na viatu, Sebastiani. Hakuna kitakachonienea."

"Nitavua vyangu."

Petronila akamtazama miguuni. Mguu ulikuwa ukimuuma sana.

"Basi peleka posa kwa baba," alisema, bado analia.