Tawi Lililofunga Njia ya Sanje

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Marsiana alikuwa ameshafagia mbele ya darasa la sita. Ndiye aliyekuwa kiranja wa usafi wa shule yao pale Mlabani, Ifakara, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote, wakati mwingine kupita kiasi. Ukidondosha ganda la muwa, jina lako lilifika kwa mwalimu kabla yako. Wenzake walimtania kwamba akiachiwa Mto Kilombero ataufagia.

Jumamosi moja ya mwaka 1996, darasa lao lilikwenda Sanje kuona maporomoko, ambayo ni miongoni mwa marefu kabisa nchini. Waliyaona tangu barabarani, meupe katikati ya kijani cha milima ya Udzungwa, na basi zima likapiga kelele. Mama Stumai, mwenyeji wa Sanje aliyekuja kuwaongoza, aliwagawa makundi mawili. Yeye angetangulia na kundi la kwanza. Mwalimu Anold angefuata polepole na wale wanaochoka upesi, akiwamo Kandida, rafiki wa Marsiana, aliyekuwa na pumu.

"Sikilizeni, wanangu," alisema Mama Stumai. "Huko msituni vijia ni vingi. Mkiona nimelaza tawi bichi kukatisha njia, nimeifunga. Mtu asipite hapo."

Wote walisikia isipokuwa Marsiana. Alikuwa akiwagombeza wavulana waliotupa maganda ya ndizi.

Walipanda. Marsiana, aliyekuwa wa mwisho katika kundi la kwanza, alifika penye njia panda akakuta tawi limelala kwenye njia ya kushoto. "Watu wengine bwana!" alinung'unika. Akalitupa kichakani, akapangusa mikono, akawakimbilia wenzake akijisikia vizuri kabisa.

Huko juu maji yalianguka kutoka mbali mno, hata mengine yakageuka ukungu kabla ya kugusa chini. Watoto walitazama juu, halafu wote wakacheka bila sababu.

Lakini walisubiri, wakasubiri, na kundi la pili halikutokea.

"Hawawezi kupotea, ile njia ya kushoto nimeifunga," alisema Mama Stumai. "Labda yule mwenye pumu amezidiwa. Ngoja nishuke mpaka kijijini niwaangalie."

"Umeifunga kwa kitu gani, mama?" Marsiana aliuliza.

"Kwa tawi. Si niliwaambia?"

Marsiana akaitazama njia waliyopandia. Akisema, nani atamheshimu tena kiranja? Wale wavulana wa ndizi watamcheka mpaka darasa la saba. Kisha akamkumbuka Kandida, na machozi yakamtoka.

"Mama, nimelitoa mimi. Nilidhani ni takataka. Nisamehe!"

Mama Stumai alikata vichakani mbio kuelekea kushoto, akiita, "Mwalimuu! Simameni hapo hapo!"

Kungoja kulikuwa kugumu. Hatimaye filimbi ya mwalimu ikasikika, na Kandida akatokea, miguu imejaa matope. Marsiana alimkumbatia akilia na kucheka.

"Tulifika kwenye mwamba unaoteleza," alisema Mwalimu Anold, bado akihema. "Nilikuwa nimeshavua viatu nivuke, watoto wanifuate. Ndipo nikasikia sauti ya mama. Kumbe mbele yetu palikuwa na genge la kuanguka hadi chini kabisa!"

"Kiranja wa usafi!" mvulana mmoja alianza kucheka.

"Wewe nyamaza," alisema Mama Stumai. Akamgeukia Marsiana. "Ungenisikiliza, usingeligusa lile tawi. Hilo ni kosa lako, usilisahau. Lakini ungenyamaza, ningeshuka kijijini, nami ningewakosa. Kosa likisemwa mapema, watu hukimbia kuokoa. Likifichwa, watu hukusanyika kuzika."

Marsiana aliitikia kwa kichwa. Kandida akamshika mkono, wakaenda kusimama kwenye manyunyu pamoja na wengine.