Vidukari Wenye Pembe

Kila asubuhi Shevanta alikata majani ya miwa kumlisha nyati wake. Siku hiyo nyati aliyanusa, akageuza kichwa. Shevanta akayashika. Yalinata, na juu yalikuwa meusi kama masizi. Upande wa chini aliona unga mweupe. Unga ulikuwa unatembea.

Mumewe, Namdev, alikagua mstari baada ya mstari. Yote ilikuwa hivyo.

"Mama Ujwala, tumekwisha," alisema. "Kesho napiga sumu shamba zima."

"Ngoja tumwulize bibi shamba."

"Aje kufanya nini, kuyaombea majani?"

Bibi shamba, Indumati, alifika mchana. Aliwapa kioo cha kukuzia.

"Hawa ni vidukari," alisema. "Wanafyonza maji ya muwa. Maji hayo yana sukari nyingi, lakini chakula kingine ni kidogo, kwa hiyo wanakunywa mno. Sukari inayozidi wanaitoa nyuma, inadondokea majani ya chini. Ndiyo hiyo inayonata. Ukungu mweusi unaota juu yake, na jani linakosa jua."

"Na hawa wadogo wenye pembe?" aliuliza Shevanta.

"Askari wao. Adui akija, wanamng'ang'ania na kumchoma."

"Sasa nani atawaweza?"

Indumati akawaonyesha kiwavi chini ya utando mwembamba. "Huyu anawala. Utando ndio ngao yake. Ukipiga sumu utamuua yeye, na vidukari watakaobaki watazaana watakavyo."

Walikata majani yenye viwavi, wakayafunga kwenye mistari iliyozidiwa.

Siku ya tano Namdev alimkuta kiwavi mdogo nje ya utando, askari wamemganda mwili mzima. Kiwavi hakusogea. Namdev alirudi nyumbani, akachukua kopo la sumu. "Askari wamemuua kiwavi," alisema.

Shevanta alisimama mlangoni. "Amekufa mmoja, Baba Ujwala. Wengine umewatazama?"

"Miwa ikifa tutakula nini?"

"Hata mimi naogopa. Nipe wiki mbili."

Namdev alirudisha kopo ndani. Kila asubuhi walifunua majani kutafuta utando. Polepole utando uliongezeka, unga ukapungua. Mwezi uliofuata majani mapya yalitoka safi.

Jirani yao Dhondiba alisimama mpakani, bomba la sumu mgongoni. "Namdev, umetumia dawa gani? Mimi nimepiga mara tatu na bado wapo."

Namdev alifunua jani. "Dawa yangu ina miguu," alisema. "Njoo nikugawie. Ila hilo bomba liache nyumbani."