Safi Si Salama

Ndugu zangu, nyumba hii ninayowasimulia ilikuwa na amani yake. Mama alikuwa mwosha vyombo vya kioo katika maabara, na jioni binti yake wa miaka kumi na mmoja alimsimulia ya shuleni huku wakichambua mchele. Mtaani walimwita binti huyo Kisoda, yaani kifuniko cha chupa ya soda, kwa ufupi wake, naye alicheka tu. Aliyeumia ni mama.

Siku moja kazini aliwasikia watafiti wakizungumzia homoni ya ukuaji. Akasoma lebo ya kichupa chake: "Protini iliyosafishwa. Safi kwa asilimia tisini na tisa." Yeye ambaye usafi ndio kazi yake aliona hapo hakuna la kuuliza. Chini paliandikwa "Kwa utafiti tu," lakini mwenye hamu hasomi mpaka mwisho. Kichupa kikaingia mfukoni.

"Ni vitamini," alimwambia mwanawe, akimdunga mkononi.

"Mbona hatujaenda hospitali?"

"Tulia, mwanangu. Mama anajua."

Jamani, alijua nini? Kesho yake mkono ulivimba, na Kisoda akatetemeka kwa homa. Hospitalini daktari aliuliza, "Amechomwa nini?"

Mama alitazama sakafu. Akisema, kazi imekwenda. Akinyamaza, mtoto anakwenda. Akatoa kichupa.

Mkuu wa maabara, mwanamke asiyependa maneno mengi, alipigiwa simu akaja mwenyewe na karatasi zake.

"Hii tunawekea chembe hai kwenye vyombo, tuone zinavyokua," alisema. "Safi maana yake haina protini nyingine ndani. Hakuna aliyesema haina vijidudu, wala kwamba ni dawa ya mtu. Dada, si ungeniuliza?"

Daktari akajua pa kuanzia. Siku ya nne Kisoda aliomba chai, na mama akalia mbele ya watu bila kuona haya.

Kazi ilikwenda kweli. Lakini mkuu yuleyule aliwapeleka kwa daktari wa ukuaji wa watoto, ambaye alimpima Kisoda na kusema hana ugonjwa. Ufupi ameurithi kwa bibi yake. Mpaka leo mama humwombea dua mkuu huyo wa maabara kila asubuhi.

"Mwanangu, nisamehe," alisema siku waliporudi nyumbani.

"Yameisha, mama. Mimi ni kisoda, lakini chupa bila kisoda inamwagika."

Funzo

Kuuliza si ujinga. Usimdunge mtoto kitu kwa kusoma nusu ya lebo. Na ukishakosea, mwambie daktari ukweli mapema, kwani mficha maradhi kilio humuumbua. Mama huyu alisema, ndiyo maana leo bado anaitwa mama.