Farasi Aliowapunguza

— Umeipunguza nguvu gari yangu!

Fundi hakukana. Alifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama mpenzi wake dereva, helmeti mkononi, ndio kwanza ametoka kushindwa mashindano ya magari ya kupanda mlima.

— Nilipunguza presha ya turbo, ile hewa inayosukumwa kwenye injini. Jana.

— Bila kuniambia?

— Ningekuambia, ungekubali?

Dereva akaweka helmeti chini.

— Niliapa mbele za watu: nikishinda, kesho yake nampelekea mama yako kikombe, nakuposa. Kumbe hunitaki?

Machozi yalimlengalenga fundi.

— Nakutaka mzima. Umefunga turbo kubwa juu ya pistoni zilezile za kiwandani. Nikasema tubadilishe pistoni kwanza, ukasema baada ya kikombe. Turbo hiyo ina nguvu za farasi mia nne, baba; unawafungia kwenye banda la kuku?

Dereva nusura acheke. Simu ikalia. Ujumbe wa mashabiki: "Huyo mwanamke kakuuza. Mteme."

Fundi aliusoma.

— Ndio haohao! Walimpigia kaka yangu makelele akiwa mashindanoni: ongeza, ongeza! Injini ilipopasuka konani, oili ikamwagikia matairi, gari ikaacha njia, wakatoa simu wakapiga picha. Mazishini hakuja hata mmoja. Wao wamesahau. Mimi sijasahau.

Akamtupia spana. Wakafungua injini pamoja hadi silinda hedi, kifuniko cha juu ya pistoni, ikatoka. Fundi akamulika tochi. Pistoni ya tatu ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

— Huo umeupata mazoezini. Leo, kwa presha uliyoitaka wewe, usingemaliza mlima.

Dereva akaketi palepale sakafuni, kwenye oili. Akauvuta mkono wa fundi wenye grisi, akauweka shavuni.

— Ulijua nikishindwa hakuna posa.

— Nilijua.

— Na bado ukapunguza.

— Nikapunguza. Heri nilie nikiwa sijaolewa, kuliko nilie kaburini kwako.

Dereva akawajibu mashabiki: "Kaniokoa. Mkitaka kushangilia, njooni harusini."

Kesho yake jioni alibisha hodi kwa mama wa fundi.

— Karibu. Kikombe kiko wapi?

Akafungua kitambaa, akaweka ile pistoni ya tatu mezani.

— Sina kikombe, mama. Nina hii. Nimekuja kumposa aliyeiona hatari yake kabla yangu.

Mama aliipapasa, kidole kikapita taratibu juu ya ufa. Alikuwa keshazika mtoto mmoja.

— Keti, mwanangu. Mimi nilikuombea urudi. Kushinda sikukuombea kabisa.