Kifungo Tumboni mwa Fundi

Mtaani walimwita Fundi Kimya, lakini hakuwa mkimya. Tatizo lilikuwa mdomo wake. Tangu alipojifunza kushona, aliufanya kopo la kuwekea vitu: pini, vifungo, vipande vya uzi. Mteja akiuliza, "Fundi, suruali yangu tayari?" alijibiwa, "Mm." Wateja walishazoea. Walijua "mm" ya ndiyo na "mm" ya bado.

Jumatatu moja mama mkwe wake alifika na koti la marehemu mume wake. Alitaka lipunguzwe, alivae Jumamosi kwenye harusi ya binti yake mdogo.

"Lipunguze utakavyo, mkwe wangu," alisema. "Lakini vifungo hivi visipotee. Hasa hiki." Alishika kifungo kidogo cha shaba kwenye mkono wa koti, akakibusu. "Marehemu alikuwa akikisugua kila Jumapili. Kipoteze hiki, na mimi hutaniona tena nyumbani kwako."

"Mm," alijibu Fundi.

Mama mkwe akamtupia binti yake, mke wa Fundi, lile jicho lake la siku zote. Tangu siku ya posa aliamini kwamba binti yake ameolewa na gogo.

Alipoondoka, Fundi alikifumua kile kifungo ili aupunguze mkono. Akakitia mdomoni, kama kawaida yake. Mke wake, aliyekuwa akimletea chai, akaanza kumwigiza mama yake. "Hasa hiki!" alisema, akabusu kijiko. Fundi akacheka. Kicheko kikatoka, kifungo kikaingia.

"Kimeenda," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Kimeenda wapi?"

Fundi akaonyesha tumbo lake.

Jirani yao, Nesi wa kliniki, alipopiga hodi kuchukua sare yake, alimkuta Fundi amesimama kwa kichwa, miguu ukutani. Mkewe alikuwa akimpiga mgongoni kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika chupa ya dawa ya kulainisha choo.

"Jamani, mnafanya mazoezi?" Nesi aliuliza.

Walimweleza. Nesi akamgeuza Fundi, akamkalisha kitini.

"Unapumua vizuri? Unameza mate bila shida? Kifua au tumbo linauma?"

"Kinachouma ni roho tu," alisema Fundi. "Ni kifungo cha mama mkwe."

"Shukuru Mungu. Ingekuwa pini, sumaku au betri ndogo ya saa, ni hospitali mbio, maana vile vinatoboa na kuunguza. Hata hiki twende kikapigwe picha tujue kilipo. Na wewe dada, weka chini hiyo chupa. Haitakiwi hapa."

Kule kliniki, picha ilionyesha kifungo kimetulia katika mfuko wa tumbo. Daktari alisema kitapita chenyewe. Fundi arudi nyumbani asubiri. Akianza kutapika, kuumwa tumbo au kuona damu chooni, arudi haraka.

Fundi alirudi kazini pamoja na Nesi, akiwa mnyonge. "Kama kiko ndani ya mfuko, kitatokaje?" aliuliza. Maisha yake yote aliamini kwamba tumbo ni gunia. Chakula kinaingia, nguvu zinatoka, basi.

"Hilo gunia lina mlango wa pili," Nesi alisema. "Sikiliza. Chakula kinaanzia mdomoni. Meno yanasaga, mate yanalainisha. Kisha kinashuka kwenye umio, huo mrija wa kooni. Misuli yake ndiyo inayosukuma. Kinafika kwenye mfuko wa tumbo, kinachanganywa na asidi mpaka kinakuwa uji."

"Asidi? Si itakiyeyusha kifungo changu!"

"Haitakiyeyusha. Labda itakipaka weusi, utakisugua. Lete bitana."

Fundi alileta jora la bitana, kile kitambaa laini cha ndani ya makoti. Nesi alimshikisha ncha moja, akarudi kinyumenyume huku akikunjua. Akapita mlangoni, akapita barazani, akafika barabarani. Mtu wa baiskeli alisimama akisubiri apite.

"Karibu mita sita!" Nesi alipaza sauti kutoka nje. "Huo ni utumbo wako mwembamba!"

"Mita sita kwenye tumbo hili?"

"Wewe ni fundi, hujui kukunja? Tena ndani una marinda. Na juu ya marinda kuna vinyweleo vidogo sana, kama vya taulo. Ini linaleta nyongo, kongosho linaleta maji yake, chakula kinalainika zaidi. Halafu lile taulo linakinyonya na kukiingiza kwenye damu. Nguvu zako zinatoka hapo."

"Na kifungo?" mke aliuliza.

"Kifungo hakina cha kunyonywa, kitapita tu. Kitaingia utumbo mpana, ambao ni mfupi zaidi lakini mnene. Huo unanyonya maji. Yanabaki makapi, na makapi yanakwenda chooni." Akamgeukia Fundi. "Kwa kawaida, choo unapata kila baada ya muda gani?"

Fundi alitazama dari. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Sikukuu," mkewe alijibu.

Nesi alicheka mpaka akakalia bitana. Kisha akawa mkali. Fundi alishinda kitini, akinywa chai na mkate mweupe, akimeza bila kutafuna ili arudishe pini mdomoni. Maji alikuwa hayagusi. "Utumbo unahitaji kitu cha kusukuma," Nesi alisema. "Kula maharage, mboga za majani, matunda. Kunywa maji. Inuka utembee. Hiyo si kwa ajili ya kifungo tu."

Fundi alitii. Jumatano mama mkwe alipita, akamuuliza binti yake: "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Chooni, Mama."

Alhamisi akapita tena. "Na leo?"

"Chooni, Mama."

"Kwani anashonea huko?"

Ijumaa asubuhi kelele zilisikika kutoka uani. "Kimefika!" Mtaa mzima ulisikia, ingawa hakuna aliyejua ni nini kilichofika. Fundi alikiosha kifungo kwa sabuni, akakichemsha, akakisugua, akakishona mahali pake.

Mchana mama mkwe alilivaa koti. Lilimkaa vizuri hasa. Akatabasamu, akainua mkono wa koti kuelekea midomoni.

Fundi angeweza kunyamaza. Ndiyo kazi aliyoizoea. Lakini siku hiyo mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Mama, usikibusu!"

Mkewe akaficha uso kwa khanga. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mkwe gani anasimama mbele ya mama mkwe kuzungumzia choo? Hata hivyo alieleza yote. Alianza na meno na mate, akashuka kwenye umio, akapita marinda na taulo. Alipofika utumbo mpana jasho lilimtoka. "Halafu, Mama, kikaendelea... mpaka mwisho wa safari."

"Mwisho upi?"

"Ule wa kila mtu, Mama."

Mama mkwe alikitazama kifungo. "Umekichemsha?"

"Nimekichemsha, Mama."

Akakibusu. "Hata mara ya kwanza tulikichemsha."

"Mara ya kwanza?" binti yake aliuliza.

"Ulikimeza wewe, ulipokuwa unatambaa. Baba yako hakubanduka kando ya poti lako. Kilipotoka alilia kama mtoto. Unadhani kila Jumapili alikuwa akisugua shaba tu?"

Binti aliishusha khanga usoni. Alimkumbatia mama yake, koti na vyote. Mama mkwe alimtazama Fundi juu ya bega la mwanawe.

"Na wewe, kumbe una maneno yote hayo! Ulikuwa umeyaweka wapi?"

"Nyuma ya vifungo, Mama."

Siku hizi kopo la vifungo linaning'inia kwenye cherehani. Fundi anatafuna chakula chake, anakunywa maji, na choo hakisubiri tena sikukuu. Wanaolalamika ni wateja. Ukimuuliza Fundi kama suruali yako iko tayari, jibu ni lile lile la bado, ila kwanza utashikishwa ncha ya bitana.